Jinsi ya kuomba tuzo ya utafiti wa wanafunzi kuhusu ulemavu wa ukuaji, ukiwa Lubumbashi

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayechunguza usonji, ulemavu wa akili au mtindio wa ubongo anaweza kuwania tuzo zinazotolewa na vyama vya wataalamu wa fani hiyo. Kinachopimwa ni kazi yake mwenyewe, iwe memwari (andiko la utafiti la kumalizia masomo) ya masta au sehemu ya tasnifu ya udaktari, na kwa hiyo maombi huanza miezi mingi kabla ya fomu kujazwa.

Soma tangazo lote kwanza. Angalia kiwango cha masomo kinachotakiwa, lugha ya maombi, idadi ya maneno ya muhtasari, na kama mshindi atalazimika kuhudhuria mkutano ana kwa ana, maana pasipoti na viza hazipatikani kwa wiki moja.

Kisha hakikisha kwamba washiriki wako wanaingia katika maana ya ulemavu inayotumiwa na chama husika. Kwa mfano, AAIDD, chama cha Marekani cha wataalamu wa ulemavu wa akili na wa ukuaji kilichoanzishwa mwaka 1876, kinauhesabu ulemavu wa akili kuwa ule unaoanza kabla ya umri wa miaka 22, ilhali hadi mwaka 2021 mpaka ulikuwa miaka 18. Aliyechagua washiriki kwa kipimo cha zamani aandike hivyo waziwazi.

Hatua inayodai muda na moyo kuliko zote ni kibali cha kamati ya maadili. Kiombe kabla hujaonana na mtoto wa kwanza, kwa sababu takwimu zilizokusanywa bila kibali haziokolewi na kibali cha baadaye. Ridhaa ya mzazi peke yake haitoshi: mtoto anayeweza kuelewa naye aulizwe, na akigeuza uso au akisukuma karatasi, hilo ni jibu. Fomu ya ridhaa ya Kifaransa iandikwe upya kwa Kiswahili kinachosemwa Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, halafu isomwe kwa sauti. Nilipomsomea mama mmoja fomu yangu ya kwanza, alichovya kidole gumba katika wino, akakizuia juu ya karatasi, akaniuliza: “Sasa mutoto atatembea siku gani?” Alidhani tunatoa dawa. Niliweka fomu kando, na siku iliyofuata sentensi ya kwanza ikawa inasema kwamba utafiti huu hautibu. Ninaamini sentensi hiyo inastahili kuwa ya kwanza katika kila fomu.

Muhtasari useme swali, washiriki, njia, matokeo na mipaka ya kazi, bila kudai zaidi ya ulichokiona. Hapa kwetu kishawishi kikubwa ni kuilaumu migodi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha watoto wachanga wa Lubumbashi wenye kasoro za kuzaliwa na wasio nazo, ukaona kwamba kasoro hizo zilihusiana na kazi ya baba katika migodi. Lakini uhusiano bado si uthibitisho wa chanzo, na kasoro ya kuzaliwa si lazima iwe ulemavu wa ukuaji. Mwombaji anayetenganisha mambo hayo kwa makini huaminika hata kama washiriki wake ni wachache.

Barua ya pendekezo iombe kwa profesa anayekuongoza walau mwezi mmoja kabla, ukimpa muhtasari na tarehe ya mwisho. Ambatanisha uthibitisho wa kuandikishwa chuoni na nakala ya kibali, kisha pitia kila faili uondoe majina ya watoto, hata katika picha na majedwali.

Tuma siku tatu kabla, wakati umeme upo na intaneti inakubali. Ikiwa chama cha Marekani kinafunga maombi saa sita usiku ya Washington, hiyo ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi kwetu, kutegemea majira, lakini usiitegemee nafasi hiyo. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba maombi yamepokelewa, kisha, bila kungoja jibu la tuzo, rudi kwa familia ukawaeleze kwa Kiswahili ulichokiona kwa watoto wao.