Masta ya historia ukiwa Mwanza: anza na vyanzo, mada itafuata

Wengi wanaotaka masta ya historia wanaanza na mada ya ukubwa wa nchi nzima, ukoloni na maendeleo sijui nini, halafu supavaiza anawauliza kitu kimoja tu, vyanzo vyako viko wapi? Kimya. Kwahiyo kabla hujajaza fomu jiulize ni mafaili gani na wazee gani unaweza kuwafikia bila kuuza ng'ombe wa nyumbani.

Sisi wa Kanda ya Ziwa kwa hili tuna bahati. Chukua pamba tu. Wakulima wa Usukuma walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, miaka ya 50 wakajenga ushirika wao, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Sasa usiandike "historia ya ushirika Tanzania", hiyo haiishi. Chukua wilaya moja, labda Kwimba, weka miaka, tuseme 1950 mpaka 1967, uliza nani alishika mizani na mkulima alijuaje kama kapunjwa. Hapo una disatesheni.

Mafaili ya Waingereza ya Jimbo la Ziwa yatafute Nyaraka za Taifa, Dar. Ya Wajerumani nayo yapo ila mengi ni ya mkono, mwandiko wa zamani ambao hata aliyesoma Kijerumani cha leo unamtoa jasho, kwahiyo kama hujajipanga kujifunza achana na mada za kabla ya 1916. Shajara za White Fathers, wale wamisionari wa Kikatoliki, nyingi ni Kifaransa, ndo hivyo. Bujora pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma nenda mapema, daladala tu.

Chuo sasa. SAUT, chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, ipo hapahapa Malimbe, UDSM, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndo yenye jina kwenye historia, mwanahistoria Terence Ranger alifika kuanzisha idara 1963 na mwenzake Walter Rodney kafundisha pale, ila programu zinabadilika so angalia TCU, tume ya vyuo vikuu, na chuo chenyewe mwaka unaoomba. Mwandikie mwalimu unayemtaka kurasa mbili: swali, eneo, miaka, vyanzo vilipo. Usimtumie wasifu wako wote na "naomba unisaidie mada".

Ukishapokelewa, barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwa mtendaji wa kata mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Toa kopi nyingi na usihoji mtu kabla haijafika chini, mwenyekiti akisikia kuna mgeni anauliza maswali na yeye hana taarifa, kazi imeisha.

Kwa mzee usiingie na dodoso. Msalimie, kaa, na kama Kisukuma chako cha kuombea maji tafuta mtu wa palepale. Ukimuuliza "ukoloni uliathirije uchumi" atakujibu kama redio, muulize pamba alimpelekea nani, alilipwa lini, hela alinunulia nini. Omba ruhusa ya kurekodi. Halafu usiku huohuo sikiliza, ipe rekodi jina la mtu, kijiji na tarehe, maana ukifika kuandika na simu imejaa "sauti 14", "sauti 15", utajua mwenyewe.