Kisu cha kwenda nacho kujitolea nje: mambo ya kuzingatia kabla hujanunua

Vijana wengi siku hizi wanapata nafasi za kujitolea nje, wengine Ujerumani mwaka mzima kwenye nyumba za wazee au chekechea, wengine wanapangiwa vijijini huko Malawi au Zambia mwaka mmoja, miwili, na swali la kisu halikosi mtu akianza kupanga begi. Wengi wanauliza kipi kikali zaidi, kipi kina vifaa vingi zaidi. Mi naona la kwanza kuuliza ni unaenda wapi, kwasababu kisu hichohicho huku ni kifaa cha kazi na kule ni kesi polisi.

Tuanze na Ujerumani maana ndo watu wanateleza sana. Sheria yao ya silaha haitaki utembee barabarani na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja alafu bapa lake linajifunga lisikunjike tena likishafunguka, wala kisu kisichokunjwa chenye bapa la zaidi ya sentimita 12, labda uwe na sababu inayoeleweka kama kazi yenyewe, na Oktoba 2024 wakakaza tena, kwenye matamasha ya wazi na treni za masafa marefu visu kwa ujumla vimepigwa marufuku. Sasa Leatherman Wave, ile plaizi ya kukunja yenye bapa na bisibisi ndani ambayo kila video inaisifia, inafunguka kwa mkono mmoja na inajifunga, yaani imeingia palepale kwenye katazo. Kuwa nayo nyumbani sio tatizo, tatizo ni mfukoni. Uingereza nako kisu cha kutembea nacho bila maelezo ni cha kukunja, kisichojifunga, bapa lisizidi inchi 3. Kwa nchi kama hizi chukua tu kile chekundu cha Uswisi, Victorinox ya milimita 91 kama Spartan, ambayo unafungua kwa kucha na mikono yote miwili, ina gramu kama 60 na kina kifungua kopo na bisibisi, inatosha kabisa. Na hiyo nayo iache chumbani ukienda kwenye tamasha.

Ukipangiwa kijijini mambo yanageuka. Huko bapa sio shida, kisu cha jikoni utanunua sokoni siku ya kwanza na panga lipo kila nyumba, kinachokosekana ni plaizi. Waya wa wigo umelegea, nati ya baiskeli imekaza, kigingi cha mlango kimechomoka, na fundi yuko mji wa jirani mpaka siku ya gulio. Malawi plagi ni zilezile za pini tatu kama za kwetu, fyuzi ikiungua unafungua skrubu ya upande wa pini, unachomoa, unaweka nyingine, kazi ya dakika mbili kama una bisibisi na kama huna unakaa gizani. Kwahiyo hapo plaizi ya kukunja ndo yenyewe, japo Wave inafika gramu 240 hivi na kiunoni unaisikia, na kama kazi yako ni ya ofisini tu au ya kufundisha sioni haja ya kubeba chuma kizito hivo.

Dukani usinunue kwa kuangalia picha kwenye boksi, feki zimejaa na zote zimeandikwa "stainless". Funga meno ya plaizi alafu inyanyue kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita katikati ya ncha rudisha. Fungua bapa ulitikise kushoto kulia, lisicheze. Omba kipande cha waya ukate hapohapo mbele ya muuzaji, akikataa umeshapata jibu. Garantii isikudanganye sana, Leatherman wanatoa miaka 25 na ni kweli, ila fikiria gharama ya kutuma kifurushi toka kijijini hadi kifike kwao alafu kirudi, utakaa bila kifaa miezi.

Chuma kisichoshika kutu haraka ndo kizuri kwa sehemu zenye unyevu au karibu na bahari, cha kaboni kinanoleka haraka kweli lakini usiku mmoja tu wa jasho la chumvi kinaanza madoa. Kunoa usisumbuke kubeba mawe, geuza kikombe cha udongo, ule mduara wa chini usiong'aa unafanya kazi safi kwa bapa dogo. Viungo vitie tone la mafuta ya cherehani yanapatikana kila duka, mafuta ya kula usitie, yanaganda yanakamata mchanga.

Uwanja wa ndege: kisu kinaenda kwenye begi la chini, sio la mkononi, na kama unaunganisha ndege usiamini kwamba kilichopita hapa kitapita kule. Kifunge kwenye kitambaa kigumu ili mkaguzi akiingiza mkono asijikate. Alafu angalia funguo zako, vile vidogo vya milimita 58 vinavyoning'inia na funguo ni rahisi kunyang'anywa mlangoni kwasababu mwenyewe ameshasahau kama ni kisu.

Na kabla hujalipia, tuma barua pepe kwa mratibu wako wa huko unakoenda, muulize kama kituo chenyewe kinaruhusu visu ndani. Sehemu za watoto na wagonjwa wa akili nyingi hazitaki hata cha kukata matunda.