Usiache ngano kabla hujapima siliaki
Jamani kama tumbo linakusumbua kila ukila chapati au mandazi na unahisi ni siliaki, yaani ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utumbo ukila vitu vya ngano, usikimbilie kuacha ngano kabla hujapima. Kipimo cha damu kinatafuta antibodi, yaani chembe za kinga ambazo mwili wa mwenye siliaki unatengeneza pale gluteni (protini iliyomo kwenye ngano) inapoingia, sasa ukiacha zinashuka na majibu yanaweza kuja safi wakati ugonjwa upo, mimi ndo ilinikuta hiyo, ikabidi nirudie kula mkate kila siku wiki 6 nzima ndo nipime tena na nilikuwa naumwa kwelikweli. Kwa hiyo pima kwanza, uache baadaye.

Ukishathibitishwa, ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, ulezi, mtama, hivyo vyote kula tu. Shida ni mashineni, maana mashine ikitoka kusaga ngano ya mtu na wewe ukamwaga mahindi yako, unga wako ushaingia gluteni. Bora ununue mashine ndogo ya kusagia nyumbani. Na unga wa lishe wa kununua uulizie vizuri sana, mwingi unawekwa ngano humo, hata uji wa mtoto.