SOMO: PS2 nene haisomi CD? Pitia hapa kabla hujakimbilia kununua lenzi

Wakuu habari za muda. Naandika hii mara moja tu, ili mtu akinifuata inbox na "mkuu PS2 yangu haisomi shida nini" nimrushie linki nikalale. Naongelea PlayStation 2, mashine ya gemu, ile nene yenye trei, modeli SCPH-30000 hadi 50000. Slimu, ile nyembamba, ina mambo yake.

Kwanza jua inakataa nini. Lenzi ina miale miwili, mmoja wa CD mwingine wa DVD. Tafuta gemu ya PS2 yenye mgongo wa bluu (hiyo ni CD) na yenye mgongo wa fedha (hiyo DVD). Ikisoma bluu ikakataa fedha, mwale wa DVD umechoka au lenzi ni chafu. Ikikataa zote na hata kuzunguka haizunguki, waza mota na flati (ule waya bapa). Na usipime kwa DVD ya kuchoma iliyokwaruzika, zile zinarudisha mwanga kidogo kuliko orijino kwahiyo lenzi iliyochoka inazikataa mapema, na kama mashine haijachipiwa (haijawekewa chipu ya kukubali gemu za kuchoma) utaletewa skrini nyekundu hata ukiweka lenzi mpya leo.

1. Chomoa waya ukutani, usiishie kuzima swichi. Pawasaplai iko humo humo ndani na inabaki na umeme kwa muda, usiiguse.

2. Pindua, toa vifuniko vidogo vya chini, fungua skrubu.

3. Irudishe ikae sawa, nyanyua kava taratibu. Kuna flati nyembamba ya swichi za mbele, ukivuta kwa pupa inakatika na mashine haiwaki tena.

4. Fungua kava la draivu. Kile kiduara cha sumaku ndicho kinabana CD, usikipoteze.

5. Lenzi: pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, gusa kwa wepesi maana inaelea kwenye nyaya laini sana. Spiriti ya bluu inaacha madoa. Asetoni usithubutu, lenzi ni ya plastiki, itafifia moja kwa moja.

6. Futa grisi kavu kwenye reli ambazo lenzi inateleza juu yake, paka mpya nyembamba. Mashine nyingi zinaponea hapa, funga ucheze.

7. Bado? Sasa ndiyo tuongelee ile gia nyeupe pembeni ya reli. Inapandisha na kushusha reli, yaani inabadilisha jinsi lenzi inavyoitazama CD. Video zote mtandaoni zinakwambia zungusha, na kweli kuna mashine zinaamka, ila zinazokuja mezani kwangu zimekufa kabisa nyingi zilianzia hapo hapo. KABLA hujaigusa weka alama kwa maka, kwenye gia na kwenye plastiki iliyo jirani. Sogeza jino MOJA, pima, jino moja, pima, na uandike umeenda upande gani, usitegemee kichwa. Pima kwa CD usiyoionea huruma maana lenzi ikipanda sana inaigusa na kuichora duara zima, na mchoro huo haufutiki. Ukisikia inasaga zima papo hapo, usisubiri eti itakaa sawa. Umesogeza meno machache hakuna badiliko? Rudisha kwenye alama, tatizo haliko hapo. Na vile vijiskrubu vidogo kabisa kwenye lenzi yenyewe viache. Vinaongeza nguvu ya mwale, itasoma wiki hii halafu lenzi iungue.

MASWALI

chuma_chakavu: Mkuu yangu haisomi, shida nini?
— Rudi juu, anzia "Kwanza jua".

mzee_wa_gemu: Nimezungusha gia kama nusu hivi, alama sikuweka, sasa inakwaruza CD. Somo lako limeniharibia mashine.
— Somo limesema KABLA kwa herufi kubwa mzee wangu. Haya, inamisha jicho usawa wa draivu, panga reli ziwe sambamba na kile kisahani kinachobeba CD, anzia hapo jino moja moja. CD nzuri weka kabatini.

mama_pedi: Kaka ahsante kwa somo. Yangu inasoma vizuri ikiwa ya baridi, baada ya nusu saa inaanza kuganda. Na nikikosa grisi, mafuta ya cherehani yanafaa?
— Swali zuri sana dada. Ikiganda baada ya kupata moto anza na feni, toa vumbi kwenye feni na matundu yote, hakikisha nyuma haijabanwa na ukuta. Ikiendelea hivyo hivyo hata feni ikiwa safi, basi mwale unazeeka, hapo lenzi mpya ni haki yako. Mafuta ya cherehani ni mepesi mno, yanatembea hadi kwenye lenzi na kuvuta vumbi. Grisi nyeupe ya lithiamu, tone dogo, yatosha.

fundi_mdogo: Nimefunga lenzi mpya kabisa ila haisomi chochote. Nimepigwa?
— Labda hujapigwa. Lenzi mpya nyingi zinakuja na kitone cha risasi ya kulehemu kilichounganisha sehemu mbili kwenye kijibodi chake, kinailinda na umeme tuli njiani. Kitoe kwa solda ya ncha ndogo, fasta, usiichemshe, ndiyo ufunge. Hongera kwa kuuliza kabla ya kuitupa.

kijana_wa_tandika: Mjomba katuma PS2 nene toka Marekani, nimechomeka ikalia pap, kimya.
— Soma kibandiko cha nyuma, namba ikiishia na 1 ni ya Marekani, 120V, wewe umeipa 230. Anza na fyuzi ya pawasaplai, ila ujue mara nyingi haiendi peke yake. Ikiamka, nunua transfoma ya kushusha umeme. Adapta ya nje ya slimu za 70000 mara nyingi inakubali 100 hadi 240, soma tu kibandiko chake.

mama_pedi: Kumbe! Ya jirani ilitoka huko huko, picha inakuja bila rangi.
— Inatoa NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, TV yake ya zamani inajua PAL, wa huku kwetu, tu. Mwambie ajaribu kwenye TV nyingine kabla hajampa mtu aifungue.

chuma_chakavu: Kwahiyo lenzi bei gani?
— Umeshasafisha?

chuma_chakavu: Bado.
— Safisha.

fundi_mdogo: Kitone nimetoa, imesoma fedha na bluu! Sasa kucheza kwa flashi bila CD inawezekana?
— Inawezekana, memori kadi yenye FreeMcBoot (programu inayoruhusu kuwasha gemu bila CD), slimu za 90000 za mwishomwisho tu ndizo zinakataa. Ila USB ya PS2 ni ile 1.1 ya polepole, video za gemu zitakatakata. Nene ina nafasi ya hard disk nyuma, ukipata adapta yake ya mtandao weka hard disk usahau flashi.