Mchezaji wako bado hajapona? Hivi ndivyo ninavyofuatilia jeraha bila kupandisha presha

Kila msimu wa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu Marekani huwa kuna binti mmoja ambaye ukitaja jina lake, anayekusikia anauliza, "Goti lake vipi?" Mwanzoni tuliambiwa ni jambo dogo. Zikapita mechi mbili, zikawa sita, Januari imeingia na yeye bado yuko mwisho wa benchi akipiga makofi. Mimi ni shabiki wa UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, na shabiki wa UConn wa miaka hii amekuwa nusu muuguzi, atake asitake. Wachezaji wetu Paige Bueckers, Azzi Fudd na Caroline Ducharme wametusomesha magoti, nyayo na shingo. Ninayoeleza hapa ndiyo ninayofanya mwenyewe, na vifaa vyake ni daftari, kalenda na ukurasa wa takwimu wa timu.

Anza na maneno ya kwanza. Andika tarehe, aliyesema, na alichosema neno kwa neno, kwa sababu baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa na toleo lake. Taarifa rasmi ya chuo iweke peke yake, na kauli ya kocha mbele ya waandishi iweke peke yake. Taarifa ikitaja jina la jeraha, ujue mchezaji amekubali litajwe. Habari za afya ya mwanafunzi zinalindwa na sheria za faragha, naye ana haki ya kutaka zisitoke. Kwa hiyo chuo kikinyamaza usianze kutunga njama. Kocha akisema "tunaangalia siku hadi siku", hapo hujaambiwa kitu. Sijawahi kuandika tarehe ya kurudi kwa kauli hiyo, na sitaandika.

Kinachofaa kufuatiliwa ni namna maneno yanavyobadilika. "Hatacheza leo" ikigeuka "hatacheza kwa muda usiojulikana", habari ni mbaya kuliko ulivyodhani. "Anarusha mipira" ni hatua ndogo sana, hata mtu mwenye goti bovu anaweza kurusha mpira akiwa amesimama. Subiri usikie amefanya mazoezi kamili na wenzake, yale ya kukabana na kugongana. Hapo ndipo unaruhusiwa kuanza kutazama ratiba.

Pili, jua ni kiungo gani. Kano ya katikati ya goti, ile ACL ambayo kila shabiki anaijua kwa herufi tatu, ikikatika hesabu miezi tisa kwenda juu. Bueckers aliikata Agosti 2022 na akarudi kwenye mechi za msimu Novemba 2023. JuJu Watkins wa USC, Chuo Kikuu cha Southern California, aliumia Machi 2025 kwenye mashindano ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na Septemba akatangaza kwamba hatacheza msimu wote wa 2025-26. Mtu anayeuliza mwezi wa tano tangu jeraha "mbona harudi?" anataka goti lifanye kisichowezekana. Meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, inategemea daktari alifanya nini: ikishonwa ni miezi, ikipunguzwa tu huwa ni wiki kadhaa. Kifundo kilichoteguka hupona upesi, ila mteguko wa sehemu ya juu ya kifundo huchelewa na huwadanganya wengi. Ufa mdogo wa mfupa wa mguu ndio unaonitia wasiwasi kuliko vyote, maana maumivu yanaweza kutulia kabla mfupa haujaunga, na mchezaji mwenyewe akaapa kwamba yuko tayari. Kichwa na shingo havina kalenda kabisa. Ducharme alikaa nje zaidi ya mwaka.

Sasa twende uwanjani, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Akishaanza kucheza, watu hutazama pointi. Pointi ndicho kitu cha mwisho cha kutazama, kwa sababu mrushaji mzuri anaweza kufunga 15 akiwa na mguu mmoja na nusu. Tazama ulinzi. Je, anateleza pembeni kwa hatua fupi za haraka, au anageuka na kukimbia ili asiulemee mguu ule? Akienda kwenye kikapu, anarukia mguu gani? Akitua, anatua kwa miguu miwili au anaukwepa mmoja? Mpira ukianguka sakafuni, anaufuata au anausindikiza kwa macho? Tazama pia kocha amempa kumkaba nani. Akimficha kwa mshambuliaji dhaifu mechi tatu mfululizo, huo ni ujumbe ulio wazi kuliko mahojiano yote.

Baada ya hapo, dakika. Mechi ya wanawake wa vyuo ina robo nne za dakika kumi, jumla 40. Usiridhike na jumla yake, tafuta zimegawanywaje. Dakika 18 zilizokatwa vipande vya nne nne, na robo ya nne hayupo, ni kikomo kilichowekwa na madaktari. Dakika 18 ambazo 8 kati yake ni za robo ya nne, mchezo ukiwa mkali, ni mtu anayeaminiwa. Bueckers aliporudi mwishoni mwa Februari 2022 baada ya kuvunjika mfupa wa goti Desemba iliyotangulia, alianza kwa kutokea benchi. Mwezi mmoja baadaye akawafunga chuo cha NC State pointi 27 kwenye mechi iliyokwenda muda wa nyongeza mara mbili. Ukiangalia dakika zake katikati ya tarehe hizo utaona ngazi anayopandishwa mchezaji anayepona.

Lakini ngazi huweza kukatika. Fudd aliumia goti Desemba 2022, akarudi Januari, goti lilelile likaumia tena muda mfupi baadaye, akakosa mechi hadi Machi. Kwa hiyo mechi ya kwanza baada ya kurudi mimi siishangilii sana. Nasubiri ya tatu na ya nne, hasa zikifuatana kwa karibu, nione kama amevaa soksi ya goti ambayo jana hakuwa nayo.

Timu yako ikiwa ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, una bahati: tangu msimu wa 2024-25 ligi hiyo inadai ripoti ya wachezaji walioumia kabla ya mechi za ligi, na siku ya mechi inasasishwa. Isome, ila kumbuka inasema nani atacheza, haisemi anaumwa wapi. Na msimlaumu kocha kwa kila jambo. Kanuni za NCAA zinawapa madaktari wa timu na wataalamu wa tiba ya wanamichezo kauli ya mwisho kuhusu kurudi uwanjani.

Kuna hesabu moja ambayo mashabiki huikosea kila mwaka, ya kurudishiwa msimu kwa sababu ya jeraha, yaani msimu alioumia usihesabiwe kwenye misimu anayoruhusiwa kucheza chuoni. Kwa kanuni ya kawaida, jeraha linapaswa kutokea nusu ya kwanza ya msimu, na mchezaji awe hajavuka asilimia 30 ya mechi. Timu yenye mechi 30, kikomo ni 9. Kwa hiyo akiumia Desemba akiwa amecheza 8, na chuo kinasitasita kumrudisha Februari, huenda wanalinda mwaka wake mzima. Akicheza mechi mbili za huruma, mlango unafungwa. Kabla hujapiga kelele "mpeni dakika tano tu", fungua ratiba uhesabu.

Ukitaka kumwandikia, andika mistari miwili: tunakukumbuka, pona vizuri. Usimtumie jina la daktari, usimsimulie goti la binamu yako, na usimuulize atarudi lini. Na yule jamaa anayekuja kukuuliza hali ya mguu wake dakika 20 kabla mechi haijaanza, huku hajui hata anavaa jezi namba ngapi, ana beti mfukoni. Usimjibu.