Jinsi ya kurudisha mafunjo ukingoni mwa Ziwa Viktoria

Mafunjo (Cyperus papyrus) ni ndugu wa ndago, lile gugu linalowatesa wakulima. Bua lake la pembe tatu hufika mita 4 au 5, lakini haliishi muda mrefu. Kinachodumu ni shina nene linalotambaa matopeni. Hilo ndilo ghala la mmea: bua likianza kuzeeka, sehemu ya madini yake hurudi humo na kulisha machipukizi mapya. Ukilijeruhi shina hilo, hutavuna wala hutahifadhi chochote.

1. Tafuta kibali, kisha tafuta sababu

Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inataka kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kupanda chochote ziwani, hata mmea wa kienyeji. Anza na kamati ya BMU, kikundi kinachosimamia ufuo na uvuvi wenu. Wao wanajua ng'ombe wanapita wapi, nani huchoma moto kiangazi, nani amelima hadi majini. Sababu iliyoyamaliza mafunjo isipoondolewa, usipande.

2. Chagua mahali na wakati

Mbegu za mafunjo huota kwenye tope bichi linalopata jua, hazioti chini ya maji. Kwa hiyo, maji yakishuka, kagua tope kwanza. Ukiona miche imejiotea, izungushie uzio na uiache; hiyo ni bora kuliko chochote utakachopanda. Pasipo na miche, chagua ghuba tulivu yenye maji ya kifundo cha mguu. Epuka msimu ambao ziwa linapanda. Mwaka 2020 maji yalipita rekodi ya 1964. Zulia la mafunjo yaliyokomaa linaweza kuelea na kupanda pamoja na maji. Kipando kichanga kilichoshikiliwa na tope huzama.

3. Kata vipando

Vaa buti ndefu, kwa sababu ya kichocho, na usiingie peke yako penye viboko. Chukua vipando kwenye kingo za zulia zito lililo karibu, hapa na pale, usitoboe shimo moja kubwa. Kila kipande cha shina kiwe na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, chenye macho yanayochipua na mabua machanga mawili au matatu. Punguza mabua marefu ili upepo usiking'oe. Funika kwa gunia lililolowa na upande siku hiyohiyo.

4. Panda

Laza shina kwenye tope, macho yakitazama juu, usilizike kabisa. Acha nafasi ya kama mita moja. Lifunge kwa kamba ya katani kwenye kijiti kilichopigwa imara, maana wimbi dogo tu hung'oa kazi ya asubuhi nzima.

5. Linda

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Mbuzi na ng'ombe hupenda chipukizi laini, kwa hiyo uzio wa nchi kavu ni wa lazima. Upande wa ziwa, gugu maji likisukumwa na upepo hulalia vipando na kuvizima. Pigilia vigingi na kamba mbele ya vipando, na uliondoe gugu hilo kila linapokusanyika. Ziba mapengo kwa vipando vipya kabla maji hayajapanda.

6. Vuna kwa kuchagua

Wasusi wa mikeka na vikapu si maadui wa mafunjo. Wao ndio wenye sababu ya kuyatetea. Kubalianeni sehemu za kuvuna kwa zamu. Kateni mabua yaliyokomaa, yale ambayo kichwa kimeanza kuwa kahawia, na kuacha machanga. Sehemu iliyofyekwa yote ipumzishwe karibu mwaka mzima kabla ya kuguswa tena. Moto usitumike kabisa.

7. Kagua

Usihesabu mabua peke yake. Sikiliza alfajiri kama yupo Laniarius mufumbiri, ndege wa utosi wa manjano na kifua chekundu ambaye makazi yake ni mafunjo. Hukaa kwenye vichaka vizito, kwa hiyo usimtarajie mapema. Waulize wavuvi pia kuhusu kamongo na kambare, ambao huhimili maji yenye oksijeni kidogo yaliyo chini ya mafunjo, mahali ambapo sangara hushindwa kuwafuata samaki wadogo. Andika majibu yao pamoja na tarehe na kiwango cha maji, ili kamati iyatumie inapopanga zamu za kuvuna.