Namna ya Kumsoma Shujaa wa Kigiriki kwa Aliyelelewa na Utendi

Mtu aliyekulia Lamu na kusikia habari za Fumo Liyongo zikighaniwa kabla hajajua kusoma ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani siku anapofungua Iliadi au Odisei, tenzi mbili ndefu za Wagiriki wa kale, kwa mara ya kwanza. Bahati mbaya ni kwamba mara nyingi huambiwa aanze na orodha ya hatua za safari ya shujaa, azikariri, kisha azisake ndani ya shairi moja baada ya nyingine, na akizipata zote ajihesabu kuwa amesoma. Mwongozo huu unapendekeza njia ambayo nimeijaribu na vijana wachache barazani hapa Langoni, baada ya sala ya isha: kumfuata shujaa kwa daftari la hesabu kama la mwenye duka, ukiandika alipata nini, kiligharimu nini, na ni nani aliyelipa.

Tafuta kwanza tafsiri iliyohifadhi mgawanyo wa vitabu 24, yaani sura, kwa kila shairi na yenye namba za mistari pembeni, kwa maana bila namba hizo watu watano wenye nakala tano tofauti hawawezi kukutana mahali pamoja. Iliadi ina mistari zaidi ya 15,000, na Odisei zaidi ya 12,000, kwa hiyo si aibu kuchagua. Katika Iliadi, mimi huanza na vitabu vya 1, 6, 9, 16, 18, 22 na 24. Katika Odisei, cha 5, kisha cha 9 hadi cha 12, halafu cha 19 na vile vya 21 hadi 23. Yaliyobaki yasomwe baadaye, na yatasomwa kwa hamu zaidi.

Soma kwa sauti. Mashairi haya yanahesabiwa kuwa ya karne ya 8 KK au karibu na hapo, na yalitokana na wagani waliotunga kwa kumbukumbu na kwa sikio. Mstari wao hauna vina. Hupimwa kwa silabi ndefu na fupi zilizopangwa katika mapigo sita, tofauti na utendi wetu wenye mizani minane katika kila kipande na kina cha bahari kinachofunga kila ubeti. Hata hivyo, shida ya mgani ni ile ile: anahitaji vifungu vilivyo tayari ili mstari usimkatikie mdomoni. Ndiyo maana Achilles, shujaa wa Iliadi, huitwa mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi, na alfajiri huwa na vidole vya waridi kila inapochomoza. Anayeruka marudio hayo anaharibu mwendo wa shairi, sawa na mtu anayekatiza mwitikio katika maulidi kwa sababu ameshausikia.

Kabla ya kufungua hesabu, andika juu ya ukurasa neno la kwanza la kila shairi katika Kigiriki. Iliadi huanza na neno lenye maana ya hasira, na Odisei huanza na neno lenye maana ya mtu. Kila unapopotea katika majina na vita, rudi kwenye neno hilo.

Sasa mfungulie Achilles ukurasa wake. Katika kitabu cha 1, Wagiriki wakiwa vitani Troya, mkuu wao Agamemnon anamnyang'anya Briseis, mateka aliyepewa kama zawadi ya heshima, naye Achilles anamwomba mamaye, Thetis, amsihi Zeus, mkuu wa miungu, awape Watroya ushindi mpaka Wagiriki wajue walichopoteza. Andika ombi hilo katika safu ya mapato, kwa maana lilikubaliwa. Katika kitabu cha 9 anaeleza kwamba amewekewa njia mbili: akibaki Troya atakufa lakini jina lake halitapotea, na akirudi kwao ataishi maisha marefu yasiyo na sifa. Neno analolitumia kwa sifa hiyo, kleos, lina uhusiano na kusikia. Ni jina linaloendelea kusikika midomoni mwa watu, na sisi tunaokaa karibu na Pate hatuhitaji kufafanuliwa sana maana yake. Endelea hadi kitabu cha 16, ambapo Patroclus, rafiki yake mpenzi, anavaa silaha zake na kuuawa na Hector, shujaa wa Watroya. Hapo ndipo safu ya malipo inapojazwa, na msomaji anagundua kwamba ombi la kitabu cha 1 ndilo lililomuua Patroclus. Usipite haraka mahali hapa. Vijana wangu walibishana usiku mzima kama Achilles alikuwa na haki, na ubishi huo uliwafundisha zaidi ya maelezo yangu yote.

Kitabu cha 24 kisomwe mara mbili. Mzee Priam, mfalme wa Troya na babaye Hector ambaye Achilles amekwisha kumuua, anavuka usiku hadi hemani kwa adui, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyowaua wanawe, naye Achilles analia kwa kumkumbuka baba yake mwenyewe. Vita havijaisha, Troya haijaanguka, na shairi linamalizika kwa maziko ya Hector, aliye upande wa pili. Kwa hukumu yangu, asiyefika hapa hajamjua Achilles, hata akijua kila aliyemuua.

Bila shaka mtu atasema barazani kwamba Liyongo ni kitovu na Achilles ni kisigino, yaani kila mmoja alikuwa na mahali pamoja tu pa kuuawa. Ulinganisho huo una mvuto, lakini uweke mahali pake. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu, sindano ya shaba ndiyo kiini cha usaliti, kwa sababu mshikaji wake ni mwana wa Liyongo mwenyewe. Homer, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Iliadi na Odisei, hajui lolote kuhusu kisigino. Habari ya mtoto aliyechovywa katika mto Styx tunaipata kwa mshairi wa Kirumi Statius, wa karne ya 1 BK. Katika kitabu cha 21 cha Iliadi, mkuki unamkwaruza Achilles mkononi na damu inamtoka. Ushujaa wake una uzito kwa sababu anaweza kuumia popote.

Ukurasa wa Odysseus, shujaa wa Odisei anayerejea kwao baada ya vita, hujaa upesi zaidi. Aliondoka Troya na merikebu 12. Kwa Wakikone, watu aliowashambulia njiani, alipoteza watu sita kutoka kila chombo. Polyphemus, jitu lenye jicho moja, alikula sita. Walaistrygone, majitu yanayokula watu, waliangamiza merikebu 11. Scylla, zimwi la baharini lenye vichwa sita, alinyakua sita. Na waliobaki walizama baada ya kuwala ng'ombe wa mungu wa Jua. Alifika Ithaca, kisiwa chake, peke yake, na humo nyumbani waliuawa wachumba 108 waliokuwa wakimposa mkewe. Jiulize tena ni nani aliyelipa, hasa ukikumbuka kwamba alipokuwa pangoni mwa Polyphemus alijiita Hakuna Mtu ili apone, kisha alipokwisha kuondoka pwani akashindwa kuvumilia kubaki bila jina, akalitangaza, na jitu likapata mtu wa kumlaani mbele ya Poseidon, mungu wa bahari. Kumbuka pia kwamba vitabu vya 9 hadi 12 anavisimulia mwenyewe karamuni, na mabaharia wote ambao wangeweza kumsahihisha wamekwisha kufa.

Penelope, mkewe Odysseus, apewe ukurasa wake pia, kwa kuwa ndiye anayemshinda mjanja huyo kwa ujanja, kwa habari ya kitanda kilichochongwa kutoka shina la mzeituni. Nao Masireni, wale wanaowavuta mabaharia kwa nyimbo, wasiitwe nguva. Homer hakueleza umbo lao hata kidogo.

Baada ya hapo, na si kabla, zilete zile hatua za kuondoka, kujaribiwa na kurejea alizozieneza Mmarekani Joseph Campbell mwaka 1949, uone zinakaaje. Kwa Achilles hazikai, kwa sababu harudi. Kwa Odysseus zinakaa mpaka kitabu cha 11, ambapo mzuka wa mwaguzi Tiresias anamwambia kwamba akishafika nyumbani ataondoka tena, abebe kasia begani na kutembea bara hadi akutane na watu wasioijua bahari, na mmoja wao adhani kasia hilo ni sepetu la kupepetea nafaka, na hapo ndipo amtolee Poseidon sadaka. Waulize wenzako barazani: ukishuka Mokowe na kasia lako begani, utatembea mpaka wapi kabla mtu hajadhani kuwa umebeba sepetu? Kijana mmoja alisema Garsen, akakatazwa mara moja, kwani mto Tana una mitumbwi yake na makasia yanajulikana huko.